Zamu ya Kubeba Barua, Kisii na Nyamira

Mwishoni mwa miaka ya tisini, barua pepe iliyotoka Kisii mjini kwenda Nyamira ilipitia Amerika. Sitanii. Mtu aliandika, "Mkutano ni saa nne, njoo na kalamu," na maneno hayo yakapanda Nairobi kwa waya wa simu, yakavuka bahari, yakarudi Nairobi kwenye kampuni nyingine, ndipo yakateremka Nyamira, mahali ambapo mtu mwenye baiskeli nzuri angekuwa amekwisha kufika na kunywa chai. Aliyekuwa akiyasukuma maneno hayo ni mimi.

Mjukuu wangu, ambaye ni mwenzenu katika kazi hii ya mitandao, ameniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi. Nitaandika zaidi jinsi nilivyokosea, maana huko ndiko nina uzoefu wa kutosha.

Jina langu ni Zablon. Nilimaliza kidato cha nne, nikapanda nguzo za simu miaka kadhaa, nikaanguka mara moja, na mke wangu akasema basi, nitafute kazi ya chini. Niliipata dukani kwa Bwana Kantilal, ambaye familia yake iliuza karatasi, kalamu na vitabu vya shule pale Kisii tangu enzi za baba yake. Nyuma ya duka aliweka kompyuta moja na modemu, kile kisanduku kinachoiwezesha kompyuta kupiga simu. Watu walileta barua zao zimeandikwa kwa mkono. Nyaboke, msichana wa kaunta, alizipiga chapa, nami nikaiambia mashine izipeleke Nairobi. Majibu yakija, tuliyachapisha, tukayatia kwenye bahasha, mwenyewe akaja kuyachukua.

Mwezi wa kwanza nilituma kila barua mara tu ilipokuwa tayari. Niliona fahari kuisikia ile modemu ikilia. Mwisho wa mwezi Kantilal alikuja nyuma ya duka akiwa na bili ya simu.

"Zablon, umewahi kuona lori likitoka soko la Daraja Mbili kwenda Nairobi na mkungu mmoja wa ndizi?"

"Hapana, Bwana."

"Basi kwa nini simu yangu inakwenda Nairobi na barua moja?"

Tangu siku hiyo nilikusanya barua, nikazibana kwa programu ya kuzifanya ziwe ndogo, nikatuma mzigo mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana na jioni. Bili ikashuka mpaka Kantilal akaanza tena kuniuliza habari za nyumbani. Najua leo hamlipi kwa dakika. Hata hivyo, mkiona mtandao umekuwa ghali au mzito, angalieni kwanza kama hamtumi lori kwa mkungu mmoja. Mara nyingi ndivyo ilivyo, ila lori limepewa jina jipya.

Aliyenifundisha kazi hasa alikuwa Mwalimu Nyangau wa Nyamira. Alikuwa amestaafu kufundisha fizikia na alikuwa na mashine kama yetu, iliyohudumia shule, hospitali na ofisi za upande ule. Yeye na mimi tulikuwa Wasabato, yeye akiwa mzee wa kanisa na mimi mwimbaji wa besi asiyejua noti. Alinifundisha kuisikiliza modemu.

"Usiitazame, isikilize," alisema. "Hiyo ni sauti ya kuku anayetafuta pa kutaga. Iache, itaungana. Ikianza kukoroma, hiyo ni mvua. Kata simu, usimlipe mtu kwa sauti ya mvua."

Nanyi mnajua mvua ya Kisii. Saa nane mchana mawingu yanakaa juu ya milima, saa tisa mawe yanapiga bati, na enzi zile waya za simu zilijaa maji kwenye maungio. Nikausogeza mzigo wa mchana mpaka saa saba na ule wa jioni mpaka saa kumi na moja, baada ya mvua. Hakuna kitabu kilichoniambia hivyo. Nilikuwa nimetumia mwezi mzima nikipiga simu saa tisa na kuilaumu modemu.

Aliyegundua habari ya Amerika hakuwa mimi wala Mwalimu Nyangau. Alikuwa Nyaboke. Kila barua iliyofika ilikuwa na mistari midogo kichwani, inayoeleza imepita mashine gani na saa ngapi. Mimi niliifuta kabla ya kuchapisha ili kuokoa wino. Nyaboke aliisoma.

"Baba Moraa," aliniita, maana binti yangu wa kwanza ni Moraa, "hii barua ya hospitali ya Nyamira imefika Amerika kabla ya kuja kwetu."

"Imefuata nini huko?"

"Sijui. Labda kampuni yetu ya Nairobi na kampuni yao hazisalimiani."

Ndivyo ilivyokuwa. Kampuni hizo mbili zilikuwa Nairobi moja, lakini hapakuwa na waya kati yao. Kila moja ilikuwa na njia yake ya kwenda ng'ambo, kwa hiyo barua zao zilikutana huko huko. Nyaboke alichukua daftari na kwa wiki mbili aliandika kila barua inakoelekea. Karibu nusu ya mzigo wetu ulikwenda Nyamira. Tulikuwa tukilipia safari ya bahari kwa ajili ya majirani.

Ninyi mna majina makubwa kwa mambo haya, lakini ni njia mbili tu. Kuna njia ya kulipia: unampa mtu barua zako zote na pesa, naye anazifikisha popote duniani. Kisha kuna njia ya ujirani: mimi na wewe tunapeana barua za watu wangu na za watu wako tu, wala hatudaiani. Simu ya Kisii kwenda Nyamira ilikuwa ya bei ndogo. Tulikubaliana na Mwalimu Nyangau mashine zetu zipigiane moja kwa moja, wakati wowote penye barua, na siku ya kwanza barua ilifika Nyamira kabla mwandishi hajatoka dukani. Kantilal alimpongeza Nyaboke, nami nikapongezwa pamoja naye, na sikumsahihisha mtu aliyedhani wazo lilikuwa langu. Hilo ni kosa dogo. Kubwa liko njiani.

Miezi ilipita vizuri. Kisha mimi na Mwalimu tukaingiwa na tamaa ya kubana zaidi. Kampuni za Nairobi zilitoza kwa ukubwa wa mzigo, na ukileta mzigo mkubwa kwa wiki, bei ya kila barua ilishuka. Mzigo wangu peke yangu haukutosha, na wake pia haukutosha.

"Tufanye egesangio," alisema Mwalimu.

Kwa wale mliokulia mjini, egesangio ni ule mpango wa nyumbani ambapo majirani wanapalilia shamba la mmoja leo, na kesho wanahamia kwa mwingine. Tulipanga hivi: wiki moja Kisii itabeba barua zote za kwenda nje, zetu na za Nyamira, na wiki inayofuata Nyamira itabeba zote. Za kuja, kila mmoja achukue zake. Wazo lilikuwa zuri na mpaka leo silioni ubaya. Tuliafikiana bei, tukaafikiana nani aanze, tukaafikiana hata nani atampigia nani. Hatukuafikiana juma linaanza lini. Wasabato wawili, nani angefikiri tunaweza kutofautiana juu ya jambo hilo?

Nilianza mimi, na wiki ilikwenda bila kasoro. Ikaja Ijumaa.

Siku hiyo Nyaboke alikuwa na barua yake mwenyewe. Alikuwa ameomba nafasi ya mafunzo ya mitandao huko Nairobi, miezi sita, na alikuwa ameipata. Wale wenye mafunzo walitaka jibu kwa barua pepe kabla ya saa saba mchana Jumamosi, la sivyo nafasi ingepewa anayefuata. Waliandika wazi kwamba watampokea anayejua kuitumia barua pepe. Alipiga chapa jibu lake saa kumi jioni.

"Itume sasa, Baba Moraa."

"Itakwenda na mzigo wa jioni. Unataka nivunje utaratibu kwa sababu ni yako?"

Saa kumi na moja nilikuwa na haraka. Mjue kwetu Sabato inaingia jua likizama Ijumaa, na kabla ya hapo mtu anataka awe ameoga, viatu vimepigwa rangi na chakula cha kesho kimeiva. Niliwaza: zamu yangu imekwisha, kesho siigusi mashine, basi nigeuze njia sasa. Nikaiambia kompyuta kwamba barua zote za nje, pamoja na mzigo ule wa jioni, zielekee Nyamira.

"Si tujaribu kwanza na barua moja?" aliuliza Nyaboke. "Tuone kama Nyamira inaipeleka."

"Mwalimu ni mzee wa kanisa. Akisema atabeba, atabeba."

"Sikusema ni mwongo. Nimesema tujaribu."

Nikavaa koti. Alinifuata mpaka mlangoni akiniomba neno la siri la mashine, ili kukitokea jambo Jumamosi aweze kulitengeneza. Yeye ni Mkatoliki, na duka lilifunguliwa Jumamosi. Nikamwambia mashine haitaki mikono mingi, asiiguse mpaka Jumapili.

Asubuhi ya Sabato nilikuwa kanisani mlimani, mstari wa besi, nina amani tele. Karibu saa tano shemasi alinigusa bega akaniambia kuna msichana nje. Nilitoka. Mke wangu, ambaye hapitwi na kitu, akatoka nyuma yangu. Nyaboke alikuwa amepanda ule mlima kwa miguu, sandali zimejaa matope.

"Barua yangu imerudi," alisema.

"Kutoka Nairobi?"

"Haijafika Nairobi. Inakwenda Nyamira, Nyamira inaturudishia, tunaipeleka tena. Sio yangu peke yake, ni zote. Tangu jana jioni mashine zinapigiana simu."

Nilielewa papo hapo, na ninyi pia mmeelewa. Kwangu juma lilikuwa limekwisha Ijumaa jioni, kwa kuwa nisingeigusa mashine tena. Kwa Mwalimu Nyangau juma lilianza Jumapili asubuhi, siku ya kwanza, kama alivyofundisha watoto wa kanisa miaka yote. Mashine yake ilikuwa bado inanipa mimi mzigo wote, na yangu ilikuwa tayari inampa yeye. Kila moja iliamini nyingine ndiyo inayokwenda Nairobi.

"Mpigie Mwalimu," nilisema.

"Nimepiga kwake kwa simu ya kibandani. Yuko kanisani. Nipe neno la siri, Baba Moraa. Nigeuze njia, barua iende, nirudi kuuza kalamu."

"Leo ni Sabato."

"Sikuombi ufanye kazi. Nakuomba neno."

"Hata mashine ipumzike."

"Haipumziki. Imefanya kazi tangu jua lilipozama, na nyie mnaimba."

Nilimwambia tutaona kesho. Alitazama chini, akageuka, akaanza kuteremka haraka.

Vijana, nikubali jambo moja hapa, maana kwa miaka mingi nilisema nilikuwa naitunza Sabato. Haikuwa hivyo. Nilijua kwamba akiifungua ile mashine ataona saa niliyogeuza njia, ataona kosa ni langu, tena atalitengeneza kwa dakika mbili. Sikutaka alitengeneze yeye.

Mke wangu alikuwa bado amesimama pale. "Mwaka juzi ng'ombe wetu alipotumbukia shimo la choo siku kama hii," alisema, "ulivua shati hapa hapa mlangoni mwa kanisa."

"Ng'ombe angekufa."

"Na huyu binti akikosa masomo, hatakufa. Ataendelea kukupikia chai dukani. Rudi ukaimbe."

Nilirudi nikaimba. Ubeti mmoja, nusu ya wa pili. Kisha nikapita kati ya magoti ya wenzangu wa besi, nikatoka, nikateremka ule mlima nikiwa na tai shingoni. Ilikuwa saa sita na zaidi.

Dukani niliikuta modemu iko kimya. Nyaboke alikuwa ameichomoa waya, akaurudisha kwenye simu ya kawaida. Simu za madukani enzi zile zilifungwa kwa kufuli dogo ili watu wasipige ovyo, na ufunguo wa ile haukuwahi kutoka mfukoni mwa Kantilal. Kufuli lilikuwa juu ya kaunta, limefunguliwa. Kantilal mwenyewe alisimama kando, saa yake ya mkononi ameishika kama mwamuzi wa mbio, na Nyaboke alikuwa akizungumza na Nairobi.

"Ndiyo, nafasi naikubali," alisema. "Barua niliiandika jana. Imekwama." Alisikiliza. "Hapana, haijakwama huko kwenu. Imekwama kati ya Kisii na Nyamira. Mashine mbili, kila moja inadhani ni zamu ya mwenzake." Alisikiliza tena, kisha akacheka kidogo. "Nimejua kwa mistari ya kichwani. Kila ikirudi ina mistari miwili zaidi. Sasa ni mirefu kuliko barua yenyewe. Ndiyo, nimekata waya kwanza, ili zisiendelee."

Yule mtu aliongea kwa muda. Kantilal alikuwa akizitazama dakika zikipita, za simu ya mbali, mchana kweupe, bei ya juu kabisa.

"Asante," Nyaboke alimaliza. "Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Nitafika." Akaweka simu chini.

Nilitoa kalamu mfukoni. "Neno la siri ni..."

"Nalijua," alisema.

"Umelijuaje?"

"Unalitamka kila unapoliandika, Baba Moraa. Duka zima linalijua. Hata yule mama anayetuletea maziwa."

"Kwa nini basi hukulitumia asubuhi?"

"Uliniambia nisiiguse mashine. Nilipanda mlima kuomba ruhusa."

Angeweza kuigeuza ile njia tangu saa mbili asubuhi, akanywa chai yake. Alipanda mlima kwa sababu aliniheshimu, nami nikamrudisha mikono mitupu.

Kantilal alilirudisha kufuli. "Nyaboke aliponiomba ufunguo aliniambia laini imeharibika," alisema, akinitazama. "Laini imeharibika, Zablon?"

"Laini ni nzima, Bwana. Mimi niligeuza njia jana bila kujaribu. Aliniambia nijaribu, nikakataa."

"Na mashine imepiga simu usiku kucha?"

"Na asubuhi yote."

"Kwenda Nyamira tu?"

"Kwenda Nyamira tu."

Alishusha pumzi. "Basi hiyo ni bei ndogo. Ungepotea kwenda Nairobi ningekuuza pamoja na modemu. Nenda kamalize kanisa."

Jumapili asubuhi Mwalimu Nyangau alikuja mwenyewe, kofia mkononi. Nilipomweleza alikaa juu ya katoni ya madaftari akacheka mpaka machozi. "Mimi na wewe tumewafanyisha watumishi wetu kazi Sabato nzima," alisema. "Usilipeleke hili kwenye baraza la kanisa." Kisha tukamwita Nyaboke, naye akatuandikia sheria kwenye karatasi moja, tukatia sahihi wote wawili. Zamu hubadilika Jumapili saa tatu asubuhi, na wa kwanza asigeuze njia mpaka wa pili apige simu kusema yuko tayari. Barua isirudishwe kamwe kule ilikotoka. Ikishindwa kwenda kwa jirani mara tatu, ipite njia yako mwenyewe ya Nairobi, hata kama ni ghali. Na kabla ya mzigo, tuma barua moja ya majaribio. Nimesikia bado mnatunga sheria kama hizo, kwa maneno mengi zaidi, na bado mnazivunja siku za Ijumaa.

Nyaboke aliondoka mwezi uliofuata. Kabla hajaenda nilibadilisha neno la siri, safari hii kimya kimya, nikaliandika kwenye karatasi, nikalitia kwenye bahasha, nikampa Kantilal alifungie kwenye droo ya pesa. Kaunta ikashikwa na Osoro, mtu mzima wa Ogembo aliyewahi kuuza viatu, asiyejua kompyuta hata kidogo. Nilimfundisha yote niliyoyajua, pamoja na yale niliyokuwa nikiyaficha. Nilishangaa kuona yale ya kuficha hayakufika hata somo la siku moja.

Sabato moja, miezi kadhaa baadaye, laini ya Nyamira ilikatika. Mti ulikuwa umeangukia nguzo. Osoro aliomba bahasha, akaigeuza njia ielekee Nairobi, akatuma barua moja ya majaribio, akasubiri ijibiwe, kisha akatuma mzigo wote. Mimi nilikuwa mlimani naimba besi, sijui lolote. Niliambiwa Jumapili, wakati kila barua ilikuwa imekwisha kufika kwa mwenyewe. Nilifurahi sana siku ile. Kidogo niliumia pia, kwa kuwa nilijua furaha hiyo ningeweza kuipata mapema zaidi, siku msichana mwenye matope miguuni aliponiomba neno moja tu.